Masila Achagua Laptopu

Masila wa Wamunyu amechonga tembo maisha yake yote ya utu uzima, na tembo peke yake. Katika karakana ya ushirika kila fundi ana mnyama wake. Kitonga ana twiga, wengine wana vifaru na simba, na kuna mzee mmoja wa vijiko vya saladi ambaye hazungumziwi sana. Tembo wa Masila wamefika Hamburg na Osaka. Yeye mwenyewe amefika Mombasa, mara moja, na njiani, kupitia dirisha la basi, alimwona tembo hai kando ya barabara kule Tsavo. Alirudi nyumbani akisema masikio yalikuwa makubwa kupita kiasi.

Kuhusu vitu vya dunia ana imani moja, nayo haijawahi kumfanya atafute nyingine: kitu kizuri ni kizito. Mpingo ni mzito. Muhugu ni mzito. Jakaranda ni nyepesi na nyeupe kama mkate, lakini ukiisugua kwa msasa, ukaipaka rangi nyeusi ya viatu, ukaifuta kwa kitambaa mpaka ing'ae, mtalii ataibeba hadi kwao akiiita mpingo na kuiweka mahali pa heshima. Masila aliyajua haya vizuri kwa kuwa ndivyo alivyofanya mwenyewe tangu mpingo uanze kuadimika. Hakuuita uongo. Aliuita finishi.

Akiwa yeye ndiye mnunuzi, hata hivyo, finishi ya mtu mwingine haikumpata. Penye magogo ya kuuza aliinua, akagonga, akanusa, na mwisho akatoa kisu chake kidogo na kukwaruza tumboni, mahali ambapo macho hayafiki, aone kama rangi ya nje ndiyo ya ndani. Wamunyu kukwaruza si utovu wa adabu. Muuzaji anayekataa gogo lake likwaruzwe amekwisha kujibu swali.

Basi huyo ndiye mtu aliyetakiwa kumnunulia bintiye laptopu.

Binti ni Mutheu, kifungua mimba, na alipewa jina la mama yake Masila. Kwa hiyo Masila humwita mwaitu, yaani mama yangu, kama wanaume wa Ukambani wanavyowaita mabinti wa namna hiyo, na humtii kiasi kile kile alichomtii mama mwenyewe, ambacho hakikuwa kikubwa. Mutheu alikuwa amepata nafasi chuoni kusomea usanifu wa majengo. Chuo kilisema kila mwanafunzi aje na mashine yake, na mashine yenyewe iwe na nguvu za kuchora nyumba nzima, ndani na nje, kuta na ngazi na mabomba. Vitabu vya shule huiita kipakatalishi, neno ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kulisikia kutoka kwa mteja.

Mutheu alijua aliyoitaka. Likizo yote alikuwa ameisoma kwenye simu, na akaenda mpaka Masii kwa kijana wa saiba, duka la intaneti, kuuliza maswali ambayo kijana wa saiba hakuyaweza. Alimwonyesha baba yake picha. Masila alitazama picha bila kuweka chini tezo yake ya kuchongea, akasema kitu hakichaguliwi kwa picha. Alikuwa amewauzia watu wengi waliochagua kwa picha, na alijua alichowatumia.

Karakanani habari ilifika kabla yake. Kitonga, aliyekuwa na twiga asiye na kichwa katikati ya magoti, alitaka kujua kama ni kweli mtoto ndiye atakayechagua.

"Leo ni kompyuta," akasema. "Kesho atakuambia suruali ya kuvaa kanisani."

"Mimi nimechagua ng'ombe, nimechagua mabati, nimechagua shule yenyewe aliyosoma," Masila akasema. "Kompyuta haitanishinda."

Mbula, mkewe, alimshauri Mutheu amwache baba achague, maana ni rahisi zaidi. Yeye mwenyewe alichaguliwa na Masila zamani, na mpaka leo hajaambiwa ni kwa kipimo gani.

Lakini Mutheu hakuwa na nafasi ya kukubali tu. Hakungekuwa na laptopu ya pili. Tembo hawanunuliwi siku hizi kama zamani, na pesa iliyopatikana ilipatikana kwa kuuza tembo wakubwa wawili waliokuwa wamekaa rafuni hadi wakaanza kuonekana kama wenyeji. Akienda na mashine isiyoweza kuchora, atakuwa yule mwanafunzi anayesubiri wenzake walale ili aazime yao. Na Masila naye hakuwa na nafasi ya kukubali tu. Nyumbani kwake kila kitu kilichokuwa na thamani kilipita kwanza mikononi mwake, kikapimwa, kikaambiwa ndiyo. Ukimwondolea hilo anabaki mtu anayechonga tembo.

Wakaenda Machakos mjini Jumamosi, kila mmoja na laptopu yake kichwani.

Duka la Ramzi liko karibu na Marikiti. Babu yake aliuza vikombe na sahani pale pale. Mjukuu akaondoa vyombo, akaweka kompyuta, akaacha ukutani kibao cha babu kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: UKIHARIBU UMENUNUA. Ramzi si Mkamba, lakini alizaliwa Machakos na Kikamba chake hakina kasoro. Masila aliitafuta kasoro hiyo katika salamu, hakuipata, na jambo hilo likamfanya awe mwangalifu zaidi.

Alianza mwisho wa rafu. Aliinua mashine moja moja kwa mikono miwili, akiisogeza kifuani, macho ameyafumba nusu, kama nesi wa kliniki anayepima watoto bila mizani. Aliigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kisha aliinusa. Ramzi alikuwa amewahi kuulizwa kuhusu rangi, kuhusu garanti, na kama mashine inaweza kuonyesha sinema. Ya kunuswa ilikuwa mara ya kwanza. Alimwacha anuse. Haikuwa siku ya wateja wengi.

"Ni ile pale, Baba," Mutheu akasema.

Ilikuwa nyeusi, nyembamba, imekaa peke yake. Masila aliishika kwa nguvu alizozizoea, na mkono ukapaa juu kuliko alivyokusudia, kama unapoinua mtungi uliodhani umejaa.

"Hii ni ganda," akasema. "Ya ndani wametoa."

Ramzi alieleza kwamba ya ndani iko, tena ndiyo yenye nguvu dukani mote, na kwamba siku hizi kadiri kitu kilivyo bora ndivyo wanavyokipunguza uzito. Masila alimsikiliza kama anavyowasikiliza madalali wa magogo, kwa sikio moja, jicho likiwa limekwisha kwenda kwingine. Na kwingine huko, rafu ya chini kabisa, lilikuta lilichokuwa likitafuta.

Ilikuwa mashine nene ya pembe kali, iliyofanya kazi miaka mingi katika ofisi fulani ya Ulaya kabla ya kustaafu na kuletwa Machakos, ambako kustaafu hakutambuliwi. Masila aliinama, akaiinua, na uso wake ukalegea. Aliigonga. Ilijibu kwa sauti ya chini, ya kiumbe chenye nyama.

"Hii sasa," akasema.

"Hiyo, mzee wangu, ni ya kuandika barua," Ramzi akasema. "Iko sawa kwa barua. Majengo haiwezi."

Mtu anayewakataza wateja bidhaa yake mwenyewe ni mtu wa kuogopwa, na Masila aliliona hilo mara moja. Nyembamba ilikuwa ghali kidogo kuliko nene; hakuhitaji kutafuta sababu nyingine.

Mutheu aliomba zijaribiwe zote mbili. Ramzi akafungua programu ya kuchora katika ile nene. Mashine ilifikiri. Feni yake ikaanza kunguruma kama kinu cha posho siku ya soko, kiduara kidogo kikazunguka kwenye kioo, na baada ya muda ukatokea ukuta mmoja wa nyumba, halafu basi. Masila aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa ameisikia ikifanya kazi. Ile nyembamba ilitoa nyumba nzima, ghorofa mbili na ngazi katikati, Mutheu akaizungusha kwa kidole, na muda wote huo haikutoa sauti yoyote. Masila aliitazama kama mfanyakazi ambaye kila ukipita unamkuta amekaa.

"Baba, hii nyingine haijamaliza hata..."

"Nyamaza kwanza, mwaitu. Mtu akichagua haongeleshwi."

Mutheu akanyamaza. Ramzi alimtazama msichana, akamtazama mzee, akaona kwamba si kazi ya mwenye duka kuingia katikati ya watu wa nyumba moja.

"Tupe hii," Masila akasema, mkono juu ya ile nene.

Ramzi akainama chini ya kaunta kutafuta chaja. Mashine zinazotoka Ulaya hutengana na chaja zao njiani kama ndugu waliogombania shamba, na kuzikutanisha tena huchukua muda. Kwa hiyo kwa dakika kadhaa kaunta ilikuwa na watu wawili tu na laptopu mbili, na shauri lilikuwa limekwisha. Masila angeweza kuweka mikono mfukoni na kungoja. Ila binadamu akishashinda hutaka pia aliyeshindwa akubali, na vita vingi vimerudiwa kwa sababu hiyo peke yake. Alitaka Mutheu aone kwa macho yake. Aliigeuza ile nyembamba chali, akatoa kisu.

Aliuona mkono wa Mutheu ukiinuka kutoka kwenye kaunta. Uliinuka kidogo, ukasimama hewani, kisha ukaingia katika mfuko wa sweta na kukaa humo. Masila akaona ni adabu, akafurahi kwamba mtoto amejifunza. Akakwaruza tumbo la mashine, kwa ustadi, mstari mmoja mwembamba kama anavyofanya kwenye gogo.

Weusi ukatoka. Chini yake paling'aa weupe.

"Unaona?" akamwambia Mutheu, kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. "Nyeupe."

Ramzi aliibuka na chaja mkononi. Aliangalia kisu, akaangalia mashine, akaweka chaja chini polepole.

"Mzee, umefanya nini?"

"Nimeangalia. Na nimeona. Hii imepakwa rangi."

"Hiyo ni alumini. Ndani ni metali, juu rangi."

"Ndiyo nasema. Imepakwa."

"Hata gari imepakwa rangi, mzee wangu."

"Gari sijakuja kununua."

Ramzi hakupandisha sauti. Alihama kutoka Kiswahili hadi Kikamba, kama mtu anayevua koti, akasema kwamba Wamunyu anapajua na desturi ya magogo anaijua, ila hapa si Wamunyu. Mteja atakayefuata ataigeuza mashine hii na kuuliza ni nani aliyeing'ata. Kisha akanyoosha kidole kuelekea ukutani, kwenye kibao cha babu, bila hata kugeuka. Mkono uliijua njia.

Masila alisoma kibao. Hakikuwa na maneno mengi, lakini alikisoma kwa muda mrefu. Alijaribu kusema kwamba gogo ukilikwaruza unalirudisha mahali pake na hakuna anayekuuliza, na akiwa katikati ya maneno alijisikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa yakisikika mle ndani. Alimtazama Mutheu, aliyekuwa akisoma kibao hicho hicho kwa makini ya mtu anayekutana na maandishi magumu. Angeweza kutoka. Wapo wanaotoka. Lakini karakanani kwao mwanagenzi akimvunja twiga sikio, twiga ni wake, na Masila ndiye aliyesimamia sheria hiyo kwa miaka mingi, bila huruma yoyote, hata kwa mtoto wa dada yake. Akailipia ile nyembamba kwa simu, nambari ya siri akiiingiza kwa kubonyeza kila tarakimu kama anayeua chawa.

Ramzi, ambaye hakuwa na kinyongo, alijitolea kubandika stika ya duka juu ya mkwaruzo. Masila akakataa. Alitoka nje, kwa mpiga rangi viatu aliyekaa barazani, akarudi na rangi nyeusi kwenye ncha ya kidole na kitambaa kilichoazimwa. Alipaka, akangoja, akapuliza, akafuta kwa duara ndogo ndogo. Ramzi aliichukua mashine, akaigeuza kwenye mwanga mara mbili. Mstari ulikuwa umekwenda.

"Mzee," akasema, "ungefanya hivi kabla sijatoka chini ya kaunta, ningeiuza leo leo kama mpya."

Alikusudia sifa, na Masila aliipokea kama sifa. Walikuwa tayari wamefika barabarani alipoanza kuifikiria vizuri.

Waliingia hoteli ndogo kungojea gari la Wamunyu lijae. Masila aliagiza chai na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, Mutheu chai na mandazi. Mashine ilikaa mezani kati yao, katika mfuko wake, ikichukua nafasi ndogo kuliko sahani. Watu wa meza ya pili walikuwa wakibishana kuhusu bei ya maembe ya Matuu. Masila alikula akikumbuka. Katika maisha yake walikuwa wamejaribu kumwingiza mjini watu wa kila aina: wauza magogo wa Makueni, madalali wa Nairobi wenye viatu vya ncha, mtu mmoja aliyesema ametumwa na ubalozi. Kila mmoja alikuja akiongea. Hilo ndilo lililomwokoa kila mara. Mtu anayetaka kukupata lazima aongee, na akiongea sana unamjua.

Aliweka kijiko chini.

"Uliniona nikitoa kisu."

"Nilikuona," Mutheu akasema.

"Na kibao ulikuwa umekisoma."

"Nilikisoma tulipoingia."

"Ukanyamaza."

Mutheu alikizungusha kikombe mezani kwa mkono wake. Hakuinua macho, lakini hakuyaficha pia.

"Ulisema mtu akichagua haongeleshwi."

Masila alimtazama bintiye kama anavyotazama gogo aliloliona jana na leo likaonyesha mwelekeo mwingine wa nyuzi. Kulikuwa na mambo ya kusema, na mengine yalikuwa makali. Angeweza kurudi dukani na kuomba abadilishiwe. Angeweza kuwaambia watu wa nyumbani jinsi mtoto alivyomwacha baba yake atumbukie huku anamtazama. Lakini hadithi hiyo, kila alivyoijaribu kichwani, ilianza na mzee anayekwaruza kompyuta kwa kisu, na hakuna namna ya kuisimulia ambayo Kitonga asingeisimulia vizuri zaidi.

"Ningekuambia ungeacha?" Mutheu akauliza.

Masila alifikiria. Alikuwa mtu wa haki, hata pale ambapo haki haikumsaidia.

"Hapana," akasema. "Ningekwaruza, halafu ningenunua ile nzito."

"Basi."

"Basi," Masila akakubali.

Meza ya pili walikuwa wameafikiana kuhusu maembe na sasa walikuwa wakigombana kuhusu mbolea. Mutheu alimalizia andazi lake, akapangusa vidole.

"Nyumbani nitasema wewe ndiye umechagua."

Masila aliligeuza jambo hilo upande huu na upande ule. Mkono ulikuwa wake, kisu kilikuwa chake, simu iliyolipa ilikuwa yake. Hakuna hakimu katika kaunti nzima ambaye angetoa hukumu tofauti.

"Kwani ni nani mwingine amechagua?" akauliza.

"Ni wewe, Baba."

"Eeh."

Akamaliza muthokoi wake. Akaagiza chai nyingine, na bila kuulizwa akamwagizia Mutheu andazi la pili, kitu ambacho Mutheu alikikumbuka baadaye kama msamaha, ingawa Masila angekiita njaa. Gari lilipojaa, Masila aliuchukua mfuko na kuuinua mara moja, kwa mkono mmoja, polepole, kisha akampa bintiye abebe mwenyewe.

Nyumbani Mbula aliisifu mashine, akasema baba amechagua vizuri, na akamtazama Mutheu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Karakanani Kitonga aliletewa aiinue, akaiinua, na kabla hajafungua mdomo Masila alikuwa amekwisha kuanza kumweleza kwamba zile nene ni za barua, na kwamba ofisi za Ulaya zinazitupa.

Wiki mbili baadaye alikuja mtu wa Masii kuchukua tembo wa zawadi ya harusi, na katika mazungumzo akasema ana mtoto anayeingia chuo na hajui anunue laptopu gani. Masila aliweka tezo chini, jambo ambalo hakufanya mara nyingi. Alimwelekeza kwa Ramzi, karibu na Marikiti. Alimwambia achukue nyepesi, nyembamba, isiyopiga kelele, na kwamba akifika huko asikubali kufundishwa na mtoto.

Yule mtu akashukuru sana, akasema ni vizuri kuuliza watu wanaojua.

Mutheu, wakati huo, alikuwa chuoni, mbele ya mashine, akichora ngazi iliyokuwa ikikataa kufika ghorofa ya pili.